Fimbo ya Kimo cha Limi

Shule ya Ilambo,
kwa mkono wa Misheni ya Ushirombo,
Kahama.
29 Novemba 1953

Kaka yangu mpendwa Theonest,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu za mama, za Limi na zangu, ndipo tukae tuzungumze. Hujambo huko Ngerengere? Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeachia? Na ule mkono uliochomwa na mwiba wa mkonge umepona kweli, au bado unaufunga kitambaa na kujifanya mzima mbele ya wenzako? Tuandikie ukweli, maana mama siku hizi haliamini neno "sijambo" likitoka kwako.

Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linatulia, na likitulia tu anaanza kututuma wote kama watoto. Mvua za kwanza zimeshuka. Mahindi tumepanda, karanga tumepanda, pamba bado. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mama amekataa kumpa jina mpaka wewe uandike. Kwa hiyo ndama anaitwa "wewe" hadi leo.

Sasa nije kwenye barua yako. Ilifika wakati wa kuvuna pamba, nikamsomea mama kwa sauti kama kawaida yetu, naye amenyoosha mguu juani. Nikafika mahali nikakwama. Mama akaniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia wino umefifia. Akasema, "Soma, Melania, wino wa Theonest haujawahi kufifia." Basi nikasoma.

Uliandika kwamba mwanao Limi amemaliza darasa la pili, na shule yetu haina la tatu, na msichana mkubwa akikaa nyumbani hivi hivi anaharibika. Kwamba Maduhu wa kilimani amemposea kijana wake, naye ni mtu wa heshima. Kwamba ikiwa mvua za kwanza zitafika na darasa la tatu halijapatikana, mama apokee ng'ombe na Limi aende. Halafu ukaongeza, nami nakukumbusha maneno yako mwenyewe, kuwa shule ya mabati haitasimama Ilambo mwaka huu kwa sababu wanaoihangaikia ni wanawake na wacheza ngoma.

Kaka, nilikasirika. Nisikufiche. Nilikwenda kupura mtama usiokuwa na haja ya kupurwa. Limi ana miaka kumi na mitatu! Mama yake, wifi yangu, Mungu amrehemu, alimwacha mikononi mwetu akiwa hajui hata kufunga kanga, na wewe umekuwa huko kwenye mkonge muda mrefu hata hujui mwanao anaongeaje akiwa amefurahi. Utaamuaje kwa mtu usiyemjua?

Hasira ilipopoa kidogo nikaisoma tena ile barua, nikaona umeandika neno "ikiwa". Nikalishika hilo hilo. Nikamwambia mama, Theonest ametupa mlango, ni mdogo lakini ni mlango.

Unaijua shule yetu ilivyokuwa: miti, udongo na nyasi, mchwa wakila nguzo kutoka chini na panya wakila paa kutoka juu. Shule ya namna ile hawaipi zaidi ya darasa la pili. Tuliambiwa tusimamishe jengo la matofali lenye paa la mabati, Bwana Mkaguzi wa Shule akilikubali tutapewa la tatu na la nne, wasichana wakiwemo. Baraza la mtemi likatupatia mabati. Ila yalikuja na sharti: mvua zikiyakuta chini, yanapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji kingine kilicho tayari.

Kwa hiyo mambo yote mawili yalifungwa kwenye siku moja. Mvua ikikuta mabati chini, shule inaondoka na Limi anaondoka.

Kazi kubwa hapa kwetu haifanyiki bila vile vyama viwili vya ngoma, cha kilimani na cha mtoni, vinavyolima mashamba ya watu kwa ngoma na kushindana nani amemaliza kwanza. Nsumba ntale wa kilimani, yaani mkuu wa vijana wao wa kazi, ni Maduhu. Ndiyo, huyo huyo Maduhu, baba wa huyo mposaji. Mrefu, mkimya, akisema neno amelisema. Wa mtoni ni Kalisti, mfupi, mcheshi, mdomo wake haujui kufungwa. Nikawagawia kazi: kuta mbili fupi wajenge kilimani, kuta mbili ndefu wajenge mtoni. Nilijiona nimefanya akili sana, maana wale wakishindana hawapumziki.

Hapa lazima nikueleze jambo la hesabu, na usikunje uso, utaliona ni rahisi. Nyumba zetu za msonge ni za mviringo, hazina kona, hakuna anayeumiza kichwa. Bati halikubali mchezo huo. Bati limekatwa kiwandani, kona zake zote ni za mraba kamili. Nyumba ikienda upande, mabati nayo yanakwenda upande, huku yamezidi, kule yamepungua, na mvua inaingia pale pale mwalimu anapokaa. Kwa hiyo kona ya jengo lazima iwe ya mraba tangu kwenye msingi, na jicho peke yake linadanganya.

Ipo kanuni ya pembetatu niliyofundishwa nilipokuwa nasomea ualimu, na kwa kweli naipenda kuliko yote niliyofundishwa. Chukua pembetatu yenye kona moja ya mraba. Pande mbili zinazokutana kwenye kona hiyo, kila mmoja uzidishe kwa wenyewe, halafu jumlisha. Utapata sawasawa na ule upande mrefu wa mshazari ukizidishwa kwa wenyewe. Tatu mara tatu ni tisa. Nne mara nne ni kumi na sita. Tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, na ishirini na tano ni tano mara tano. Basi ukipima tatu kwenye ukuta huu na nne kwenye ukuta ule, ukavuta kamba ya mshazari ikawa tano kamili, kona yako ni ya mraba na huhitaji kumwuliza mtu. Kamba ikizidi tano, kona imetanuka. Ikipungua, kona imebana.

Watoto niliwaonyesha kwa karanga. Tisa tulizipanga safu tatu tatu, kumi na sita tukazipanga nne nne. Kisha tukazichanganya zote na kuzipanga tano tano, zikajaa mraba mmoja mkubwa, haikubaki hata moja. Walipiga makofi, wakala hesabu yote. Limi hakula zake. Alizifunga kwenye pindo la kanga akaondoka nazo, nami wakati ule sikujali.

Siku ya kuweka msingi nilisimama kwenye kona ya kwanza kama jemadari. Kilimani wakapima fimbo tatu kwenye ukuta wao, wakapiga vigingi. Mtoni wakapima fimbo nne kwenye ukuta wao, wakapiga vigingi. Kalisti akapima kamba ya mshazari fimbo tano, kamba ya katani, nikawaambia waishike kwa adabu kwani huenda mkonge wake umekatwa na kaka yangu. Tukasogeza vigingi mpaka kamba ikakaza barabara. Tatu, nne, tano. Nilikuwa na furaha, kaka, nikaona Limi ameshaingia darasa la tatu.

Kuta zilipofika magotini akaja fundi wa paa kutoka misheni kuangalia kazi. Akachukua bati moja akalilaza juu ya kona, ubavu mmoja ukakaa vizuri kwenye ukuta wa mtoni, na ule ubavu mrefu ukaachana na ukuta wa kilimani polepole, hadi mwishoni vidole vitatu vikapita katikati. Akakung'uta mikono. "Mwalimu, hapa sipigi msumari. Mpaka mfike mwisho wa jengo, mmekosa kwa mguu mzima."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikapima tena mbele yake, kwa fimbo zile zile, na jibu likawa lile lile: tatu, nne, tano. Kanuni inasema sawa, bati linasema si sawa. Watu wakaanza. Mtoni wakasema kilimani wamejenga wakiwa wamelewa pombe ya mtama. Kilimani wakasema mtoni hawajui kuhesabu mpaka tano. Mzee mmoja akasema hesabu za Wazungu haziwezi kufanya kazi kwenye udongo wa Ilambo, na wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Maduhu akanisogelea kwa upole. "Mayu, mwalimu, jengeni ya mviringo," akasema, akiniita mama kwa heshima. "Nyumba ya mviringo haina kona, haina ugomvi. Baba zetu wote wamezaliwa humo." Nikamwuliza mabati yatakaaje juu ya mviringo. Akasema mabati waachiwe wanaoyapenda. Halafu akainamisha kichwa akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto wa Theonest asiendelee kukaa akingoja kuta.

Damu ilinipanda. Nikaona mambo yote wazi, au nilidhani nimeyaona: huyu anamtaka mkwe, na shule ikianguka anampata. Nikamwambia machoni, mbele ya watu wote, kwamba amepinda ukuta kwa makusudi. Neno zito kumwambia mwanamume wa umri wake, najua. Mama alinivuta kanga, nikaunyakua upindo wangu.

Maduhu hakunijibu kwa matusi. Akachukua fimbo yake akaichomeka ardhini mbele yangu. "Hii fimbo haijawahi kumdanganya mtu. Mashamba ya kijiji chote yamelimwa kwa hii." Kalisti naye, si unamjua, hawezi kuona mwenzake anasifiwa peke yake, akaruka na fimbo ya mtoni akaichomeka pembeni. "Hata yangu haijadanganya mtu!"

Zikasimama pale, bega kwa bega, kaka. Na ya Maduhu imeizidi ya Kalisti kwa upana wa kiganja.

Kila mtu wa Ilambo anajua kuwa nsumba ntale akichaguliwa hukata fimbo ya kimo chake, na chama chake hupimiwa kazi kwa fimbo hiyo mpaka atakapoacha uongozi. Maduhu mrefu, Kalisti mfupi, nani asiyejua? Lakini kila chama kinalima ngwe zake, fimbo mbili hazijawahi kukutana kwenye shamba moja. Mimi nilizikutanisha kwenye kona moja. Tatu za mtu mrefu, nne za mtu mfupi, na tano za mtu mfupi. Kamba ya mshazari ilikuwa fupi kwa ule ukuta, kwa hiyo kona ikabana. Kanuni haikukosa hata chembe.

Kalisti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimgeukia Maduhu nikapiga magoti nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wale wale. Akaniambia niinuke, mwalimu hapigi magoti kwenye udongo wa tofali. Lakini hakutabasamu.

Ulidhani mambo yameisha? Nikawaeleza kwamba kanuni haijali fimbo ina urefu gani. Iwe kidole, iwe mnazi, mradi pande zote tatu zipimwe kwa fimbo moja. "Chagueni moja," nikasema. Ndipo vita vikaanza upya. Maduhu akasema vijana wake hawawezi kupimwa kwa fimbo ya mtoni, wataimbwa kwenye ngoma mpaka wajukuu. Kalisti akasema wa kwake wakipimwa kwa fimbo ya kilimani watamfukuza uongozi kesho yake. Na hawakuwa wakitania. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa Buseresere, na wao wamekaa wakigombea fimbo!

Nikaona nikiwaachia tutakesha na fimbo mpaka lori lije. Nikamwita Limi. Alikuwa anapita na mtungi wa maji ya kukandia udongo. Nikamtua mtungi, nikamsimamisha juu ya tofali la msingi, nikaweka mti mnyoofu mgongoni mwake, nikaukata pale kichwa chake kilipoishia.

"Hii ndiyo fimbo," nikawaambia. "Si ya kilimani, si ya mtoni. Mnamjengea huyu na wenzake, basi mtapima kwa kimo cha huyu."

Kalisti akasema, "Basi tufanye haraka kabla hajarefuka." Watu wakacheka. Maduhu hakucheka. Aliitazama ile fimbo, akamtazama Limi, akaitazama tena. Mimi nilikuwa tayari kwa ugomvi mwingine, nimeshakaza meno. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaenda kwenye kona akaanza kupima.

Likabaki la kubomoa. Kwa haki, zilizopinda ni kuta fupi, za kilimani, na mtoni walikuwa wameshaanza kutunga wimbo. Nikakataa. Nikasema zitabomolewa zote nne, kwa sababu kona ni ya watu wawili. Minong'ono ikazidi, wengine wakashika majembe yao waende zao. Basi unajua nani alianza? Mama yetu. Alijikokota na goti lake mpaka kwenye ukuta, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akang'oa tofali la kwanza akanipa. Kisha la pili. Mimi napokea huku nalia kwa hasira, mama ananipa, ananipa. Wanawake wakaja, na wanaume walipoona mama wa watu na goti lake anabomoa, waliona aibu wakaweka majembe chini.

Tulipima upya. Limi watatu huku, Limi wanne kule, Limi watano mshazari. Hivyo ndivyo walivyohesabu, na Kalisti akaitungia ngoma, sasa watoto wanaiimba wakienda kisimani. Kona zote nne tukazipima hivyo hivyo, halafu tukavuta kamba kutoka kona hadi kona, mara hivi na mara hivi, zikalingana. Fundi wa misheni alirudi na bati lake akalilaza. Hapakupita hata unyasi.

Siku ya kupiga mabati mvua ilitukuta na mistari miwili ya mwisho. Vijana wa kilimani walikuwa upande mmoja wa paa na wa mtoni upande mwingine, na hakuna hata mmoja aliyetaka kushuka wa kwanza. Walipiga misumari wameloa chapachapa. Sisi wanawake tulikuwa ndani tukiangalia juu, tukisikia ule mshindo wa mvua kwenye bati kwa mara ya kwanza katika maisha ya kijiji hiki, hatusikilizani, tunacheka tu na kushikana. Hakuna tone lililoingia.

Bwana Mkaguzi amekuja wiki iliyopita. Amepima, amezunguka, amegonga kuta, ameandika. Amelikubali jengo. Darasa la tatu litafunguliwa Januari. Kaka, isome tena sentensi hiyo, nitakungoja. Darasa la tatu litafunguliwa Januari hapa Ilambo.

Sasa nikuambie kuhusu zile karanga. Wakati sisi tunagombana na fimbo, Limi alikuwa na shughuli yake nyuma ya ghala la bibi yake. Nilimwonyesha tatu na nne, yeye akataka kujua zipi nyingine zinakubali. Akajaribu mbili na tatu: kumi na tatu, ukizipanga tatu tatu zinabaki nne. Akajaribu tano na tano: hamsini, ukizipanga saba saba inabaki moja. Ile moja ilimuudhi mno, akaja kuniuliza kama karanga moja inaweza kukatwa. Akapata sita na nane zinatoa kumi, nikamwambia vizuri, lakini hiyo ni tatu na nne ile ile imekuzwa mara mbili. Akaondoka amenuna.

Halafu jioni moja akanivuta mkono hadi nyuma ya ghala. Alikuwa amepanga mraba mkubwa ardhini, karanga zimekwisha akaongeza kunde, kunde zimekwisha akaongeza vijiwe. Tano na kumi na mbili, akaniambia. Zinatoa kumi na tatu. Nilihesabu mwenyewe nikidhani amekosea. Ishirini na tano, na mia moja arobaini na nne, jumla mia moja sitini na tisa, safu kumi na tatu za kumi na tatu, hakuna kilichobaki. Hakuna aliyemfundisha, kaka. Mimi sikumfundisha. Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo yangu ya Jumapili.

Huyo ndiye mtu unayetaka kumpeleka akatwange kwa watu kwa sababu hana kazi nyumbani. Anayo kazi. Kazi yake haijaisha.

Juzi Maduhu alikuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akanywa togwa, akamjulia hali mama, ndipo akasema lililomleta. Akasema jengo ameliona na mikono yake imelijenga. Akasema yeye hana kinyongo na mimi. Lakini mtoto ana baba, na baba alimpa ahadi, na neno la shangazi halifuti ahadi ya baba. Theonest akimwambia aache, ataacha na kijana wake atatafuta kwingine. Theonest akinyamaza, ataleta ng'ombe baada ya Krismasi. Kwa kweli sikuweza kumlaumu. Amesema haki.

Basi ni wewe, kaka. Sikuombi, nakudai. Uliweka sharti lako mwenyewe, mvua za kwanza na darasa la tatu, na sisi tumelitimiza, wanawake na wacheza ngoma. Mwandikie Maduhu kwa mkono wako, na upesi, barua imkute kabla ya Krismasi. Usimwandikie "ngoja kidogo". Mwandikie kwamba Limi anasoma.

Na ukisitasita, kumbuka siku mzee wetu aliponipeleka misheni. Watu walimcheka, binti wa kufuga kuku anapelekwa kwa masista. Nani alibeba kikapu changu kichwani, kijana mzima, kutoka hapa hadi Ushirombo, akiwatolea maneno makali wote waliocheka njiani? Sikukushukuru siku ile, nilikuwa nalia. Nakushukuru leo.

Ukininyima hili, ujue kwamba sitanyamaza. Nitasimama mlangoni pa mama, na ng'ombe hao watapita juu yangu. Unanijua.

Mama anakusalimu sana, anasema ukipata likizo usilete kanga, lete goti jipya. Kalisti anakusalimu, ametaka nikuandikie kuwa wimbo ni wake, mtu asije akakudanganya. Nasi tunawasalimu rafiki zako wa kambini, hasa Onesmo anayekuandikia bahasha, mwambie mwandiko wake tunaujua na tunaufurahia.

Limi nimemwachia nafasi hapa chini. Sitasoma atakachoandika, nimempa bahasha aifunge mwenyewe.

Mungu akuepushe na homa na visu vya mkonge, akupe moyo wa yule aliyebeba kikapu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukaripia,
Melania

Baba shikamoo. Mimi ni Limi. Shangazi ameniachia mahali hapa na ametoka nje kweli. Bibi yuko jikoni. Leo nilipanga punje za mahindi na nimepata nyingine mpya. Nane na kumi na tano zinatoa kumi na saba. Nimehesabu, nikahesabu tena, hazikubaki. Shangazi bado hajui. Nimekuambia wewe kwanza.